Honora Kiernan, Dada Yake Una (1927–2024)

Mwanamke tunayemzika leo aliandikwa Nora Keir kazini, mtaani akaitwa Bi. Lorimer, na mumewe alimwita Nora tu. Jina alilobatizwa ni Honora Kiernan, na ndilo alilotaka asomewe. Wengi wenu mlikaa naye miaka mingi katika kanisa la upande wa mume wake, na mmeshangaa kuitwa hapa Lochee, katika kanisa la Wakatoliki. Mtaelewa. Haya yote aliyasimulia mwenyewe kwa binti yake Isobel, kidogo kidogo, katika mwaka wake wa mwisho, akaagiza yasomwe bila kupunguzwa, hasa zile sehemu ambazo familia ingependa kuziruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1927, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha magunia, Lochee, mjini Dundee. Baba yake, Felim Kiernan, alitoka Cavan, Ireland, akiwa kijana, akapata kazi ya kupakua marobota ya juti bandarini, zile nyuzi zilizoletwa kwa meli kutoka Bengal ili zifumwe magunia. Mama yake, Annie, alizaliwa papa hapa Lochee, na bibi yake mzaa mama alifika hapa akiwa amebebwa mgongoni. Pamoja na hayo, hadi Honora anapata akili, watu wa mjini bado waliwaita wageni. Mdogo wake, Una, alizaliwa miaka miwili na miezi michache baadaye. Watoto walikuwa hao wawili tu.

Annie alikuwa msokotaji nyuzi tangu utotoni, na mashine zilikuwa zimemla masikio. Kwa sababu hiyo nyumbani kwao mtu hakuitwa kwa sauti. Aliguswa bega, akageuzwa, akaongeleshwa usoni. Wale mabinti walijua kusoma midomo kabla ya kusoma herufi. Kila jioni, baada ya viazi na samaki wa chumvi, familia ilisali rozari. Annie aliongoza, akisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria, na mabinti wakaitikia nusu ya pili. Kwa kuwa hakuweza kuwasikia, alikaa akiitazama midomo yao, kijiko cha mti mkononi, na aliyesinzia aliguswa nacho gotini.

"Mdomo wako, Una!" alikuwa akisema. "Bikira Maria hana habari na mtu anayemumunya!"

Una alikuwa akiufumbua mdomo mpaka meno ya nyuma yakaonekana, na Honora akaumwa mbavu kwa kuzuia kicheko. Hata alipofikisha miaka tisini marehemu aliweza kumwigiza mama yake akishika kijiko kile, ingawa hakuwahi kueleza nani anaigizwa. Watoto wake walidhani ni mchezo tu wa kuchekesha.

Alisoma shule ya parokia hadi alipotimiza miaka kumi na minne, mwaka 1941. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, akatamani kazi ya ofisini, au ya kuuza vitambaa katika maduka makubwa ya katikati ya mji. Mtawa aliyewafundisha aliwaambia ukweli siku walipoaga. "Hawatawauliza dini," aliwaambia. "Watawauliza shule. Mkishaulizwa shule, mmeshaulizwa dini." Shule yao ilikuwa na jina la mtakatifu, na jina hilo lilitosha kumrudisha mtu mlangoni. Honora alirudishwa kwenye milango mitatu ndani ya juma moja. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye kiwanda cha jamu, msimu kwa msimu, akimenya na kupanga machungwa.

Mwaka 1946 Felim aliangukiwa na robota bandarini, akavunjika nyonga, hakufanya kazi tena. Una alikuwa ameshaingia kiwandani kama mama yake, upande wa kusokota, ambako wengi walikuwa watu wa Lochee. Pale kulikuwa na pande mbili. Wasokotaji walikwenda kazini na shali kichwani, wakafanya kazi miguu mitupu katika vumbi na harufu ya mafuta ya nyangumi. Wafumaji walikwenda wamevaa kofia na glovu, na mshahara wao uliwapita wenzao kwa mbali. Uwanja mmoja ulitenganisha pande hizo, na geti lilikuwa moja. Binti mwenye jina la Ireland hakuvuka ule uwanja.

Honora aliuvuka. Alihamia upande wa pili wa mji, akapanga chumba kwa mjane mmoja, Bi. Petrie, akanunua kofia ya mtumba yenye unyoya, akaenda kumwona nyapara wa ufumaji, Bwana Geddes.

"Unaitwa nani?"

"Nora Keir, bwana."

"Keir wa wapi?"

"Wa Perth, bwana."

"Na shule ulisoma wapi?"

Alitaja shule ya Waprotestanti, ile ambayo watoto wake walizoea kuwarushia mawe yeye na Una.

"Aa, basi wewe ni mwenzetu," alisema Bwana Geddes, na akamwonyesha pa kutundika koti.

Makubaliano ya nyumbani yalikuwa haya. Honora angeshika kazi, nyapara amzoee, kisha amtafutie Una nafasi kwa jina jingine, amtoe kule kwenye mikanda ya mashine. Mpaka siku hiyo ifike, hawajuani. Jumapili alikwenda kanisani na Bi. Petrie. Jumamosi jioni alikwenda Lochee amevaa shali ya kuazima, na kofia akaificha kwenye kikapu chini ya mkate.

Asubuhi walipishana getini kila siku. Una alivuta shali kando ya mdomo ili wengine wasione, akaongea bila sauti, midomo tu: "Malkia, huyo kuku uliyemkalisha kichwani ametaga?" Honora alilazimika kupita akiwa amekaza uso kama aliyenusa kitu kibaya, na hiyo ndiyo iliyomfurahisha Una zaidi. Jumamosi ilikuwa zamu ya Honora kulipiza, na walicheka mpaka Felim akagonga ukuta kwa fimbo yake.

Lakini mwaka ulipita, na wa pili, na maneno ya Una Jumamosi yakabadilika.

"Dada, lini?"

"Bado kidogo. Geddes ana macho."

"Macho anayo tangu azaliwe. Lini?"

"Mdogo wangu, nikikosea jina lako mara moja tu, tunatoka wote wawili. Baba atakula nini?"

"Haya. Nimeuliza tu. Usinune, kofia haimpendezi mtu aliyenuna."

Mwezi wa Januari 1949 ilipatikana nafasi kwenye mtambo wa tatu kutoka ule wa Honora. Bwana Geddes mwenyewe alimuuliza kama anamjua msichana mwema anayetafuta kazi. Honora alijibu kwamba hamjui. Alimwambia Isobel kwamba siku ile hapakuwa na sababu yoyote ya kuogopa. Nyapara alikuwa amefurahi, na mlango ulikuwa wazi. Ila alikuwa ameshazoea kuwa Nora Keir. Alipenda kuketi na wenzake saa ya chai bila mtu kumsogezea kikombe kwa ncha ya kidole, na kumleta Una kungekuwa ni kuileta Lochee yote ndani. Jessie Wedderburn, jirani yake wa mtamboni, ndiye aliyemleta binamu yake kwenye nafasi ile. Jumamosi ile Honora hakuitaja.

Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, kabla ya chai ya asubuhi, shali ya Una ilishikwa na mkanda wa mashine.

Katika ukumbi wa kufumia hakuna aliyesikia kitu, maana pale haikusikika hata radi. Waliona tu watu wakikimbia uwanjani, wakasogea dirishani. Wanaume wanne walimtoa Una juu ya mlango uliong'olewa bawaba, wakamweka chini kusubiri gari la wagonjwa, karibu kabisa na lile dirisha. Alikuwa hai. Macho yake yalizunguka, yakaikuta kofia yenye unyoya imetundikwa ndani, yakamkuta mwenye kofia. Hakumwita. Midomo yake ilianza, polepole, jinsi mama yao alivyotaka, kila neno likionekana: "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe…"

Na midomo ya Honora ikaitikia. Hakuiamuru. Ilikuwa imefunzwa kwa kijiko tangu hajajua kutembea vizuri, na ilipopewa nusu ya kwanza ilitoa ya pili. "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Alisali bila sauti hata kidogo, na ndipo alipokosea, kwa kuwa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa wanawake ambao kwa miaka yao yote walizungumza kwa kutazamana midomo. Mtu mwingine popote duniani angesali kimya na ikawa siri. Pale ilikuwa ni kupiga kelele.

Una alianza tena. Honora aliitikia tena. Miguu yake haikutoka.

Jessie Wedderburn alimshika bega, akamgeuza. "Funga mdomo, Nora," midomo yake ilisema. "Geukia ukuta. Anakuja."

Bwana Geddes alikuwa ameingia. Hakujua kusoma midomo, hakuwahi kujifunza. Aliona tu mtambo uliosimama. Alimwinamia sikioni, akapaza sauti, "Yule msichana unamjua?"

"Simjui, bwana."

"Basi kazini."

Una alifariki hospitalini jioni ile ile. Alizikwa Alhamisi, tarehe 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Kuomba ruhusa kungekuwa kueleza sababu, na Honora hakuomba. Alifuma kutwa nzima.

Hakuna mwanamke hata mmoja katika ukumbi ule aliyemchongea kwa nyapara, na walikuwa wameona wote. Lakini tangu siku ile waliacha kumgeuzia uso. Mahali pasipo sauti, asiyekupa uso hajakupa neno. Honora alifanya kazi kati ya migongo. Jessie peke yake ndiye aliyemtazama, na siku moja kwenye chai Honora alimuuliza kama ni kwa sababu ya dini.

"Wengine ni kwa sababu ya Papa wenu, sitakudanganya," alisema Jessie. "Mimi mwenyewe sina hamu naye. Lakini mimi na hawa wa hapa karibu, siyo hiyo. Ni kwamba hukutoka. Ungetoka, bibi wewe, tungesimamisha mitambo yote na Geddes angetufukuza na kofia zetu."

"Hujui kama mngefanya hivyo."

"Sijui," alisema Jessie. "Na wewe umehakikisha hatutajua kamwe."

Honora alibaki kwenye mtambo ule hadi mwaka 1970. Nyuso zilirudi taratibu, kadiri wazee walivyoondoka na wapya kuingia. Masikio yake yalikwisha akiwa hajafika arobaini.

Tarehe 20 Juni 1953 alifunga ndoa na Alasdair Lorimer, kondakta wa tramu, mtu mpole aliyependa mpira na maua ya waridi, katika kanisa la ukoo wa Lorimer. Alimwambia kwamba hana ndugu. Felim alikuwa ameshafariki. Kwa Annie aliendelea kwenda Jumamosi, akimwambia mumewe kwamba anamtembelea mzee mmoja aliyefanya kazi naye. Annie alimpa chai, akamkatia mkate, akamuuliza habari za wajukuu asiowahi kuwaona. Hakumtaja Una, wala hakumlaumu. Ila rozari hakuongoza tena Honora akiwapo, mpaka alipofariki mwaka 1958. Ndoa ya marehemu ilikuwa njema. Alasdair alifariki mwaka 1994, akiwa anajua kwamba mkewe hapendi madirisha na hajui kwa nini.

Watoto wao, Isobel na Ewan, walilelewa katika nyumba ambayo mapazia yalifungwa mchana. Mama yao hakukaa kwenye kiti kinachotazama dirisha. Kwenye basi alikaa upande wa njia. Wakati mwingine, akiosha vyombo au akipiga pasi, alinyamaza ghafla, kichwa akakiinua kama mtu aliyeguswa bega, na midomo yake ikatembea. Walidhani anahesabu mishono. Mjukuu wake Catriona, akiwa na miaka sita, ndiye aliyewahi kumuuliza.

"Bibi, unaongea na nani?"

"Siongei, mwanangu. Naitikia."

"Unamwitikia nani?"

"Ameshanyamaza sasa. Kula."

Mwaka 2021, miguu ilipokataa, alihamia nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya mji. Huko alihudumiwa na Jincy Kuruvilla, ambaye yuko nasi leo. Jincy ni muuguzi kamili kutoka Kottayam, Kerala, Mkatoliki wa ukoo wa Wakatoliki. Alikuja kwa ahadi ya kazi ya uuguzi, akapewa kubadilisha shuka. Kila alipouliza, aliambiwa vyeti vyake bado vinatazamwa. Kibali chake cha kukaa nchini kilifungwa kwenye kazi ile ile, hivyo hakuwa na pa kuhamia. Zamu nzito zilikuwa zake yeye na wenzake wawili wa kwao. Meneja, Bi. Strang, alimwambia avue msalaba mdogo wa shingoni kwa ajili ya usafi, na waliokuwa wamesimama pale wakimsikiliza walikuwa na mikufu shingoni. Jincy alimwita marehemu Ammachi, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, na alikuwa wa kwanza pale kujua kwamba ukitaka kusema naye humpigii kelele, unampa uso.

Siku moja ya Oktoba 2022, chumba cha chakula kimejaa wazee na ndugu zao, Jincy alikuwa akikunja vitambaa vya meza, akisali Salamu Maria kwa Kiingereza, bila sauti. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alifika mwisho wa nusu ya kwanza, na kutoka upande wa pili wa chumba Bi. Lorimer akaitikia ya pili, kwa ile sauti kubwa isiyojisikia ya mtu kiziwi, mpaka vijiko vikasimama.

Kuna ndugu wa mzee mmoja aliyelalamika. Bi. Strang alikuja, akainama mbele ya marehemu, Isobel akiwa amekaa hapo hapo. "Bi. Lorimer, huyu msichana ndiye aliyekufundisha hayo? Amekuwa akikusalisha?"

Nyuma ya meneja, midomo ya Jincy ilisema, "Ammachi, nyamaza tu."

Marehemu hakunyamaza. "Mimi ni Honora Kiernan wa Lochee," alisema. "Nilifundishwa na mama yangu, kwa kijiko. Nilikuwa nikiitikia pamoja na mdogo wangu Una, aliyekufa kiwandani nami nikimtazama dirishani. Huyu mtoto hajanifundisha kitu. Mpe kazi yake aliyoisomea."

"Mama," alisema Isobel, "Una ni nani?"

"Ni yule niliyesema simjui."

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba maneno hayo yalimsaidia Jincy. Hayakumsaidia. Mkataba wake ulipokwisha hakuongezewa, na sababu aliyopewa ilikuwa ya kiutawala. Alipata mwajiri mwingine Aberdeen dakika za mwisho, na mpaka leo anabadilisha shuka. Isobel alipomwambia mama yake kwamba angalau safari hii alisema kweli, marehemu alikataa.

"Nilisema nikiwa sina cha kunyang'anywa," alisema. "Una angenicheka. Usiandike kwamba nililipa."

Haikuandikwa.

Moyo wa marehemu ulianza kudhoofika majira ya baridi yaliyopita, kisha ukafuata ugonjwa wa mapafu. Padri wa parokia hii alimpaka mafuta matakatifu tarehe 12 Januari. Katika siku zake za mwisho aliomba jambo lililowashangaza wote, kitanda kigeuzwe kielekee dirishani na mapazia yaachwe wazi. Alikesha hivyo akitazama uwanja wa magari, midomo ikienda na kutulia, ikienda na kutulia. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, alimgusa Isobel mkono. "Funga pazia," alisema. "Ameshaingia." Alifariki kabla ya mchana, akiwa na umri wa miaka tisini na sita.

Marehemu ametanguliwa na mume wake Alasdair. Ameacha binti, Isobel. Mwana, Ewan, aliyeko Perth na mkewe Morag. Wajukuu wawili, Catriona na Fergus. Na kitukuu mmoja, Ailsa.

Jambo la mwisho ni agizo lake. Alisema kwamba mdogo wake hakusomewa wasifu na mtu yeyote, kwa kuwa aliyepaswa kuusoma alikuwa kazini. Ameomba usomwe leo mahali hapa, na msimame.

Una Mary Kiernan alizaliwa Lochee tarehe 9 Juni 1929. Alisoma shule ya parokia, ambako alisimamishwa nje mara nyingi kwa kuchekesha wenzake. Alikuwa msokotaji nyuzi. Alipenda viazi vilivyoungua kidogo, hakupenda kufunga viatu, na aliweza kumwiga mtu yeyote wa Lochee kwa midomo tu, pamoja na askofu. Alitamani kuwa mfumaji. Alifariki tarehe 14 Machi 1949, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa ajali ya kazini. Ameacha baba, mama, na dada mmoja.

Mwenyezi Mungu awalaze wote wawili mahali pa amani.